Dawa za maono: tusome kwanza, tusinunue



Vijana wananitumia video kwenye simu na kuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: je, ni kweli kuna mzizi, uyoga au kidonge kinachoweza kufuta vita kichwani mwa mtu kwa usiku mmoja? Katika video hizo kuna mtu mwenye sauti tamu anayesema dawa hiyo inafungua akili, inaponya huzuni, inaonyesha mtu ukweli wa maisha yake. Mwishoni inatokea namba ya simu na bei.

Jibu langu la kwanza ni fupi: namba hiyo msiipige. Lakini sitaki kuishia hapo. Kijana ambaye hajalala vizuri tangu siku alipokimbia kijiji chake ana haki ya kupewa jibu refu kuliko neno «acha». Mama anayesikia sauti ya mtoto aliyemzika njiani ana haki ya kujua kama amepata wazimu au hapana. Na kuhusu mambo haya kuna vitabu, tena vizuri, vilivyoandikwa na watu waliojua wanachosema. Leo nataka kuwaonyesha sita. Vyote havisemi jambo moja, na waandishi wake wangebishana sana kama wangekaa meza moja. Hata hivyo, ukivisoma vyote unatoka na somo moja: dawa inaweza kufungua mlango, lakini haiwezi kumsindikiza mtu. Anayeponya, kama uponyaji upo, ni watu wanaokaa kando yako kabla, wakati na baada.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kwa Kiswahili tunasema mtu amepoteza fahamu, halafu amerudiwa na fahamu. Ni kama fahamu ni mgeni anayetoka na kuingia. Dawa ninazozungumzia hapa hazimfanyi mtu apoteze fahamu kama pombe kali inavyofanya. Zinaibadilisha. Mtu yuko macho, lakini rangi, sauti, wakati na hata jina lake mwenyewe vinakuwa kitu kingine. Baadhi zinatoka kwenye mimea na uyoga, kama iboga ya Gaboni au uyoga wa Meksiko. Nyingine zilitengenezwa katika maabara, kama LSD. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliweka LSD, meskalini na silosibini, ile iliyo ndani ya uyoga, katika kundi lenye udhibiti mkali kuliko yote. Kwa hiyo anayekuuzia kwa simu hauzi dawa ya hospitali. Na wewe huwezi kujua kilichomo ndani ya hicho kifurushi.

Sasa twende kwenye vitabu. Nitatumia majina ya Kifaransa pale ambapo kitabu kimetafsiriwa, kwa sababu hicho ndicho kinachoweza kupatikana kwetu.

Kitabu cha kwanza ni cha Albert Hofmann, LSD, mon enfant terrible, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1979. Hofmann alikuwa mkemia wa Uswisi. Alitengeneza LSD mwaka 1938 katika maabara ya kampuni ya Sandoz mjini Basel, akiwa anatafuta dawa ya mzunguko wa damu. Miaka mitano baadaye, tarehe 19 Aprili 1943, alijipima mwenyewe kwa kumeza robo ya miligramu, akidhani ni kiasi kidogo sana. Haikuwa kidogo. Ilibidi arudi nyumbani kwa baiskeli, msaidizi wake akimsindikiza, kwa sababu wakati huo wa vita magari yalikuwa haba.

Kuna sehemu moja ya kitabu hicho ambayo ningependa kila mtu katika mkoa wetu aisikie. Akiwa amelala nyumbani kwake, Hofmann aliomba maziwa, akiamini yatapunguza sumu. Mama jirani alimletea zaidi ya lita mbili. Lakini mkemia huyo, mtu wa masomo makubwa, hakumwona jirani yake. Aliona mlozi mbaya mwenye sura ya kutisha kama kinyago. Mama alikuwa amesimama pale na maziwa mkononi, na macho ya mgonjwa yakamgeuza kuwa adui.

Fikirini jambo hilo. Kwetu, bibi vizee wamefukuzwa, wamepigwa na hata kuuawa kwa sababu mtu fulani aliota ndoto, au aliona kitu usiku akiwa na homa, akasema: ni yeye, nimemwona. Kitabu cha Hofmann kinatufundisha kwamba jicho linaweza kuona mlozi pale ambapo kuna jirani mwenye wema. Daktari alipokuja hakukuta ugonjwa wowote mwilini ila mboni za macho zilizopanuka. Asubuhi Hofmann alikuwa mzima, na jirani yake alikuwa jirani tena. Je, kama angekuwa kijijini kwetu, na watu wakaamini alichosema usiku ule, mama huyo angelala salama?

Kitabu cha pili ni Les Portes de la perception cha Mwingereza Aldous Huxley, cha mwaka 1954. Ni kifupi na kimeandikwa kwa lugha nzuri sana. Mwezi wa tano mwaka 1953, nyumbani kwake Los Angeles, Huxley alikunywa meskalini, dawa inayotoka kwenye mmea unaoitwa peyote. Daktari Humphry Osmond alikuwa kando yake, na mke wake pia. Aliangalia maua matatu katika chombo akaona kama ndiyo asubuhi ya kwanza ya dunia. Aliangalia mikunjo ya suruali yake akashangaa kwa muda mrefu.

Wazo lake kubwa ni hili: ubongo wetu hautengenezi fahamu tu, bali unaichuja. Ni kama bomba la maji lenye kizibo. Dunia ni kubwa mno, basi ubongo unaruhusu kitone kidogo tu kipite, kile tunachohitaji ili tuishi, tule, tusigongwe na pikipiki. Dawa, kwa maoni yake, inalegeza kizibo.

Ni wazo zuri, na wanaopenda maswali ya fahamu watalifurahia. Lakini mimi nina neno langu. Huxley alikuwa mtu mwenye nyumba, bustani, mke na daktari. Kizibo chake kilikuwa kimekaza, akataka kukilegeza kidogo. Sisi wengi wetu tatizo letu ni kinyume chake. Mtu aliyekimbia mabomu mara tatu, maji yanamwingia usiku na mchana. Kila mlango ukigongwa anaruka. Kumwambia mtu huyo afungue bomba zaidi si kumsaidia. Tena Huxley mwenyewe anakiri kwamba aliyekunywa dawa hiyo hana hamu ya kufanya kazi yoyote, anataka kuangalia tu. Nani atamtafutia watoto maji wakati yeye anaangalia suruali?

Kitabu cha tatu ndicho kilichonigusa zaidi kama mtu wa redio, kwa sababu kilianza kama sauti. Ni maisha ya María Sabina, mama wa kabila la Wamazateko katika kijiji cha Huautla de Jiménez, Meksiko. Hakujua kusoma wala kuandika. Álvaro Estrada, Mmazateko mwenzake, alimrekodi kwa lugha yao, akatafsiri, na kitabu kikatoka kwa Kihispania mwaka 1977. Kiko pia kwa Kifaransa.

María Sabina alikuwa mponyaji. Alitumia uyoga usiku, kwa kuimba, ili kutafuta chanzo cha ugonjwa wa mtu. Haikuwa mchezo wala starehe, na watu hawakuutumia ili tu waone maono. Mwaka 1955 alifika mwanabenki wa New York, R. Gordon Wasson. Mama alimpokea. Mwaka 1957 Wasson aliandika habari hiyo katika jarida kubwa la Marekani, Life. Jina la mama alilibadilisha, lakini haikusaidia. Katika miaka iliyofuata wageni walimiminika kijijini, vijana wa Ulaya na Amerika wakitafuta uyoga. Polisi wakaja pia. Nyumba ya María Sabina ilichomwa moto. Katika kitabu anasema kwamba tangu wageni walipoanza kuutumia uyoga bila kuwa wagonjwa, uyoga ulipoteza nguvu yake. Alikufa mwaka 1985, akiwa bado maskini.

Sisi watu wa Kongo tunaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Tunajua jinsi kitu kinavyotoka ardhini mwetu, kinakwenda mbali, kinatajirisha wengine, na aliyekuwa mwenye nacho anabaki na majivu. Tunapoona video inayosema «siri ya mababu wa Kiafrika» halafu bei kwa dola, tumkumbuke mama huyo.

Na hapo ndipo tunafika karibu na kwetu, kwenye kitabu cha nne. Mwanaantropolojia Mmarekani James Fernandez aliishi kati ya Wafang wa Gaboni mwishoni mwa miaka ya 1950, akaandika kitabu kinene kiitwacho Bwiti, kilichotoka mwaka 1982. Kiko kwa Kiingereza na si rahisi kusoma. Nakitaja kwa sababu iboga ndiyo inayotajwa zaidi katika video za kwetu, na watu wanaiuza kama kwamba ni kidonge cha kichwa.

Iboga ni kichaka cha misitu ya Afrika ya Kati. Ganda la mzizi wake ndilo linalotumika katika dini ya Bwiti. Fernandez anaeleza kwamba siku ya kuingizwa mtu anakula kiasi kikubwa, anakwenda kama katika safari ya kuwaona waliokufa, halafu anarudi. Lakini hayuko peke yake hata dakika moja. Kuna wazee wanaomlinda. Kuna kinubi kinacholia usiku kucha, kuna ngoma, kuna nyimbo, kuna jamaa nzima inayocheza hadi asubuhi. Wafang walikuwa wameumizwa na ukoloni, kazi za lazima, kuhama na vijiji kuvunjika. Walichokitafuta katika usiku ule, anasema Fernandez, ni kuwa moyo mmoja tena. Mzizi ulikuwa sehemu tu ya kazi hiyo.

Sasa mtu anachukua mzizi, anauacha usiku, kinubi, wazee na jamaa, anaweka unga kwenye mfuko wa plastiki. Anachouza si Bwiti. Tena ni hatari kwa mwili. Ibogaini, kemikali iliyo ndani ya iboga, inavuruga mapigo ya moyo, na kuna watu waliokufa baada ya kuitumia. Mtu ambaye moyo wake haujapimwa, mwenye njaa, mwenye malaria, anayekunywa vidonge vingine, anacheza na kifo. Serikali ya Gaboni iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000. Basi tuuheshimu kama urithi wa watu, tusiufanye biashara ya sokoni.

Kitabu cha tano ni cha Mmarekani Michael Pollan, cha mwaka 2018, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Voyage aux confins de l'esprit. Hiki ndicho kitabu ambacho wauzaji wa video wanapenda kukitaja, kwa hiyo ni muhimu tujue kinasema nini hasa. Pollan ni mwandishi wa habari. Anaeleza historia nzima: jinsi utafiti ulivyoanza katika miaka ya 1950, ulivyozimwa baada ya fujo za miaka ya 1960, na ulivyorudi. Mwaka 2016 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Johns Hopkins na New York, vilitoa matokeo kuhusu wagonjwa wa saratani wapatao 80 waliokuwa na hofu na huzuni kubwa. Wengi wao walipata nafuu baada ya kupewa silosibini, na kwa wengi nafuu hiyo iliendelea kwa miezi.

Ni habari nzuri, na mimi siifichi. Lakini someni jinsi ilivyofanyika. Kwanza mtu anachunguzwa. Mwenye ugonjwa mzito wa akili katika familia anaondolewa, kwa sababu dawa inaweza kuuamsha. Halafu anazungumza kwa saa nyingi na watu wawili watakaokuwa naye. Siku ya dawa analala kwenye kochi katika chumba kilichopangwa kama sebule, macho yamefunikwa kwa kitambaa, muziki masikioni, na wale wawili wako kando yake mchana kutwa. Baadaye anarudi kuzungumza nao tena na tena. Dawa yenyewe ni kitu kidogo katikati ya kazi kubwa ya watu.

Na hata huko, njia haijanyooka. Australia iliruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalum kutumia silosibini na MDMA kuanzia Julai 2023. Lakini Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA kwa watu wenye kiwewe, ikataka utafiti zaidi. Ikiwa nchi yenye maabara zote hizo inasema ngoja kwanza, huyo wa video anapata wapi uhakika wake?

Kitabu cha sita nimekiweka mwisho, lakini mwenye pesa ya kitabu kimoja tu, naomba anunue hiki. Ni cha Oliver Sacks, daktari wa mishipa ya fahamu aliyezaliwa London na kufanya kazi New York. Kilitoka mwaka 2012, na kinahusu watu wanaoona na kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni. Kwa Kifaransa kinaitwa L'Odeur du si bémol.

Sacks mwenyewe alitumia dawa nyingi alipokuwa kijana, na anasimulia bila aibu. Siku moja, baada ya kumeza vidonge vingi, marafiki wawili walikuja kumtembelea. Alizungumza nao huku akiwapikia mayai jikoni. Alipotoka na sahani, sebule ilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa amekuja. Baadaye buibui alimsalimia, akamjibu. Tunacheka, lakini daktari huyo anataka tuone jambo zito: sauti zile na nyuso zile zilikuwa wazi kabisa kwake, kama za watu wa kweli.

Halafu anatuonyesha kwamba mambo haya hayahitaji dawa. Kuna bibi wa zaidi ya miaka 90, kipofu, aliyeanza kuona watu wamevaa nguo za rangi wakipanda na kushuka ngazi. Akili yake ilikuwa nzima. Macho yalipokosa kazi, ubongo ulianza kujitengenezea picha. Kuna wenye homa, wasiolala, waliofungwa gizani. Na kuna wafiwa. Sacks anataja daktari mmoja wa Wales aliyewahoji wajane wa kiume na wa kike karibu 300. Karibu nusu yao walikuwa wamemhisi, wamemsikia au wamemwona mwenzao aliyekufa. Wengi walipata faraja kwa jambo hilo. Wengi pia walikuwa hawajamwambia mtu yeyote.

Mama, wewe unayesikia mtoto wako akikuita wakati hema lote limelala, neno hili ni lako. Si lazima uwe na wazimu. Si lazima uwe umerogwa. Huzuni ina sauti, na ubongo uliozoea kumsikiliza mtu hauachi mara moja. Kama sauti inakuliza halafu inakuacha ulale, mwambie mtu unayemwamini. Kama inakuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, kama huli, kama hulali siku nyingi, nenda kituo cha afya leo, usingoje kesho.

Najua maswali yatakayokuja. La kwanza: vitabu hivi ni vya matajiri, vinapatikana wapi, na nani atavisoma katika kambi? Ni kweli, kitabu kimoja kinaweza kula pesa ya chakula cha juma zima. Lakini si lazima kila mtu anunue. Mwalimu mmoja akikipata, au mwanafunzi mmoja wa chuo akikikuta katika maktaba ya shule yake au ya parokia, anaweza kukisoma na kukisimulia kwa watu 20. María Sabina hakusoma kitabu hata kimoja, na maneno yake yamefika kwetu kwa sababu mtu alikaa akamsikiliza. Redio zetu zinaweza kufanya hivyo: nusu saa kila juma, kitabu kimoja, kwa Kiswahili chetu, na wasikilizaji wakipiga simu. Tunatoa saa nyingi kwa mpira. Nusu saa kwa vichwa vilivyochoka haitatufilisi.

Swali la pili: kwa nini nisimwendee mfumu wetu au mchungaji? Sijasema usiende. Katika vitabu hivi vyote nimeona kwamba mwimbaji wa usiku, mzee anayekulinda na mtu anayekuombea wanajua jambo ambalo maabara imelitambua kwa kuchelewa: mgonjwa haachwi peke yake. Lakini kuna wanaomfunga mgonjwa kamba, wanaomnyima chakula, wanaompiga ili shetani atoke, wanaotaja jina la bibi fulani kuwa ndiye mlozi. Hao hawaponyi. Wanaongeza kidonda juu ya kidonda. Mkiona hivyo, mwondoeni mgonjwa wenu.

Swali la tatu ni gumu zaidi: kama dawa si jibu, jibu ni nini? Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa wa akili wa aina fulani, mwepesi au mzito. Hesabuni wenyewe familia za hapo mlipo. Halafu hesabuni wanasaikolojia mliowahi kuwaona. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kijana anapiga namba ya video kwa sababu hakuna namba nyingine aliyopewa. Misaada inakuja na maharagwe, hema na sabuni, na tunashukuru. Lakini mtu wa kusikiliza anakuja kwa mradi wa miezi michache, halafu mradi unakwisha, na yule aliyeanza kufungua moyo wake anabaki na moyo wazi.

Haina maana kwamba hatuwezi. Bukavu, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imeonyesha dunia njia ya kumhudumia mtu aliyeumizwa na vita: mwili wake, roho yake, haki yake mbele ya sheria, na riziki yake, vyote pamoja. Hakuna mzizi wa siri katika njia hiyo. Kuna watu waliofundishwa, wanaolipwa, na wanaokuja tena kesho.

Kwa hiyo nasema hivi kwa mashirika na kwa viongozi wa mitaa: katika kila kambi, na katika kila mtaa uliopokea wahami, wafundisheni watu wa hapo hapo, wamama kwa wapapa, wale ambao hawataondoka mradi ukiisha. Msaada wa kwanza wa roho, jinsi Shirika la Afya Duniani linavyoufundisha, una hatua tatu ambazo hata aliyeishia darasa la sita anaweza kuzijua: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Muunganishe na familia, na huduma, na muganga. Hakuna hatua ya nne inayosema muuzie kitu.

Kwa vijana wanaopenda maswali makubwa, wanaojiuliza fahamu ni nini, roho inakaa wapi, kwa nini ndoto inakuwa kweli kuliko mchana: maswali yenu ni mazuri, na hayana tajiri wala mhami. Someni Huxley mkabishane naye. Someni Pollan polepole, hasa kurasa ambazo wauzaji wanaziruka. Someni Sacks kwa sauti, na bibi zenu wakiwepo, kwa sababu wana mengi ya kuongeza.

Na ile namba ya kwenye video, ifuteni. Badala yake andikeni namba ya mtu mmoja, mmoja tu, ambaye mnaweza kumwamsha saa nane za usiku akaja kukaa nanyi hadi kupambazuke. Kama hamna mtu huyo, basi mkawe mtu huyo kwa jirani.